Uzi: Nadharia ya ujifunzaji ya kiutu haiishii kwenye piramidi ya Maslow. Tuijadili darasani na maktabani

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoka kuona nadharia ya ujifunzaji ya kiutu, yaani ile inayoanza na hisia, mahitaji na machaguo ya mwanafunzi mwenyewe, ikifundishwa katika vyuo vyetu vya ualimu kana kwamba ni mchoro mmoja. Mwanachuo anachora pembetatu ya mahitaji ya Maslow, anaigawa ngazi tano, anaandika chakula chini na kujitimiza (kuufikia ukamilifu wa uwezo wake) juu, anapata alama zake, na akifika shuleni kwenye mazoezi ya kufundisha anashika fimbo na kusomesha kwa imla kama alivyosomeshwa yeye. Hoja yangu ni kwamba kiini cha nadharia hii kimo katika namna inavyoieleza hofu ya mwanafunzi, na kwamba mahali pa kuipimia vizuri kuliko hata darasani ni maktaba, ambako hakuna kengele wala mahudhurio ya kumlazimisha mtu abaki.

Tuanze na historia kidogo. Katikati ya karne ya 20 saikolojia ya Marekani ilikuwa na kambi mbili kubwa. Wafuasi wa nadharia ya tabia, ambao B. F. Skinner alikuwa nguzo yao, waliona kujifunza kuwa ni mabadiliko ya mwenendo yanayojengwa kwa tuzo, hatua kwa hatua. Wafuasi wa Sigmund Freud wao walimwona mwanadamu akisukumwa na mambo yaliyofichika ndani ya nafsi yake asiyoyajua. Abraham Maslow, Carl Rogers na wenzao waliona kambi zote mbili zimemwacha nje mtu mwenyewe, yule anayechagua, anayetamani, anayeona aibu na anayetaka kukua, ndiyo maana Maslow aliuita mkondo wao nguvu ya tatu. Jarida lao la saikolojia ya kiutu lilianza kutoka mwaka 1961.

Maslow, mzaliwa wa Brooklyn mwaka 1908, alichapisha makala yake maarufu kuhusu motisha ya binadamu mwaka 1943. Humo hamna piramidi yoyote. Ilichorwa baadaye na waandishi wa mambo ya menejimenti, na kila aliyeinakili akaikaza zaidi. Maslow mwenyewe alionya kwamba si lazima hitaji la chini litimizwe kwa asilimia 100 ndipo la juu lijitokeze, akatoa mfano wa kukadiria tu wa mtu wa kawaida aliyetimiziwa mahitaji ya mwili kwa asilimia 85, usalama 70, upendo 50, kujiheshimu 40 na kujitimiza 10. Jambo hili si dogo kwa mwalimu wa kwetu. Ukiichukua piramidi kama ngazi ya lazima, utasema watoto wamekuja bila kifungua kinywa, kwa hiyo leo hakuna linalowezekana, na utakuwa umejipatia kisingizio chenye sura ya kisayansi. Ukimsoma Maslow alivyoandika, utaupigania uji wa shule kwa nguvu zako zote na wakati huohuo utamwita mtoto kwa jina lake, kwa sababu njaa haimwondolei hamu ya kutambuliwa.

Lakini aliyeingia darasani hasa ni Rogers. Alizaliwa Illinois mwaka 1902, akaanza chuo kwa kusomea kilimo, akahamia theolojia, kisha saikolojia, na kwa miaka 12 alifanya kazi ya kuwahudumia watoto wenye matatizo huko Rochester, New York. Katika kazi ya ushauri alifikia msimamo kwamba mtu habadiliki kwa kusomewa orodha ya kasoro zake na mtaalamu; hubadilika anapokuwa mbele ya mtu asiyemtisha. Mwaka 1952 alialikwa kwenye mkutano wa walimu Harvard, akawasomea maneno mafupi ambamo alidai kwamba jambo lolote linaloweza kufundishwa kwa mtu mwingine halina uzito mkubwa, na kwamba yanayobadili mwenendo ni yale ambayo mtu ameyagundua na kuyamiliki mwenyewe. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Mimi binafsi naona alitia chumvi, kwani kanuni za kuandika barua rasmi na jedwali la kuzidisha zimefundishwa na zikashika, wala hazina uzito mdogo. Hata hivyo, yaliyokuja kukusanywa katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu uhuru wa kujifunza yana ukomavu zaidi, na hayo ndiyo ningependa tuyajadili.

Rogers alitaja sifa tatu za mwezeshaji wa ujifunzaji. Ya kwanza ni ukweli wa nafsi, maana yake mwalimu asivae sura ya bandia. Akiwa amekasirika kwa sababu kazi haikufanywa, aseme amekasirika, bila kumgeuza mwanafunzi kuwa ndiye ubaya wenyewe. Ya pili ni kumthamini mwanafunzi bila masharti, yaani thamani yake isipande na kushuka pamoja na alama zake. Ya tatu ni kuelewa kutoka ndani, ambako mwalimu anajaribu kuliona jambo kama linavyoonekana kwa yule anayejifunza.

Sifa hii ya tatu ndiyo inayodharauliwa sana, kwa sababu watu hudhani ni upole wa sauti. Tazameni mfano huu. Mtoto wa darasa la tano ameandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano. Mwalimu wa kwanza anaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kuandika "Uwe makini". Mwalimu wa pili anatabasamu, anasema "Umejitahidi", kisha anampa jibu sahihi. Wote wawili hawajamwelewa mtoto. Mwalimu wa tatu anamuuliza amefikaje hapo, na mtoto anaeleza kwamba amejumlisha namba za juu, moja na moja, kisha za chini, mbili na tatu. Sasa mwalimu anajua kwamba mtoto anaiona sehemu kama namba mbili zilizopangwa juu na chini, hajaiona kama kiasi kimoja. Anamwomba akunje karatasi aone nusu, kisha anamuuliza kama mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu ile. Mtoto akigundua kwamba amejumlisha vitu viwili akapata kilicho kidogo kuliko kimoja kati ya hivyo, hahitaji tena kuambiwa amekosea. Huku ndiko kuelewa kutoka ndani, na ni kazi ya akili inayochosha kuliko kuchapa.

Nalitaja suala la kuchapa kwa makusudi. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni bado zinairuhusu kwa masharti, na ile ya mwaka 2002 inataka itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, isizidi viboko vinne. Kila aliyesoma shule zetu anajua jinsi masharti hayo yanavyozingatiwa. Mtoto anayejua kwamba jibu lisilo sahihi lina fimbo hataeleza kamwe jinsi alivyofikia mbili ya tano. Atanyamaza au atamnakili jirani, na mwalimu atabaki bila habari muhimu kuliko zote kuhusu somo lake.

Sasa twende maktabani. Mwaka 1986 Constance Mellon, mtaalamu wa ukutubi huko huko Marekani, alichapisha utafiti uliotokana na maandishi ya wanafunzi wapatao 6,000 wa chuo kikuu kimoja cha kusini mwa nchi hiyo, waliokuwa wakieleza walivyojisikia walipoanza kutumia maktaba kwa kazi za utafiti. Kati ya asilimia 75 na 85 ya wanafunzi katika kila darasa walitumia maneno ya hofu. Waliona maktaba ni kubwa mno, hawakujua vitu viko wapi, hawakujua waanzie wapi. Mzizi wa hofu yenyewe ulikuwa aibu: kila mmoja aliamini kwamba wenzake wote wanajua kuitumia maktaba isipokuwa yeye, na kwamba akiuliza atajianika. Dawa ya Mellon ilikuwa ya Rogers kabisa, kwani alitaka wakutubi waitaje hofu hiyo waziwazi mbele ya wanafunzi, wawaambie ni ya kawaida, na waonyeshe uchangamfu kabla ya kuonyesha katalogi.

Baada yake Carol Kuhlthau, mtafiti mwingine wa mambo ya maktaba, aliyeanza kwa kuwafuatilia wanafunzi wa sekondari wa New Jersey, alieleza hatua sita za mtu anayetafuta taarifa kwa ajili ya kazi yake: kuanza, kuchagua mada, kuchunguza, kupata mwelekeo, kukusanya na kuwasilisha. Alichogundua ni kwamba kujiamini hakupandi moja kwa moja. Mwanafunzi huchangamka akishapata mada, kisha huporomoka katika hatua ya kuchunguza, anaposoma vitabu vinavyopingana na kuona hajui chochote. Wengi huacha hapo, au hunakili kurasa nzima ili wamalize. (Wenye kupenda usahihi watasema Kuhlthau alimtegemea zaidi mwanasaikolojia George Kelly kuliko Rogers, na ni kweli, lakini aliirudisha hisia ya mwanafunzi katikati ya kazi ya mkutubi, jambo ambalo watu wa katalogi walikuwa wamelisahau.) Mwalimu akiijua hatua hiyo ya tatu, atapanga kumwona mwanafunzi wakati huo hasa, badala ya kusubiri tarehe ya kukusanya kazi ili agundue kwamba imenakiliwa.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu wa hisabati, shule ya kata

Ndugu mwanzisha uzi, shukrani kwa bandiko lenye kina. Mfano wa sehemu nimeupenda, ila naomba uniruhusu nisikubaliane nawe kwa mambo mawili.

Kwanza, darasa langu limejaa kiasi kwamba wengine hukaa watatu au wanne kwenye dawati moja, nami nina vipindi vya dakika 40. Nikimuuliza kila mwenye kosa amefikaje, muhtasari hautaisha, na mwisho wa mwaka sitaulizwa kama nimewathamini wanafunzi bila masharti. Nitaulizwa wangapi wamefaulu. Pili, uhuru huu una gharama. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyozua mabishano makubwa, wakidai kwamba mbinu zinazomwacha mwanafunzi agundue mwenyewe kwa mwongozo hafifu hushindwa, hasa kwa anayeanza, kwa sababu akili inaelemewa na mambo mengi kwa wakati mmoja. Mtoto asiyejua kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika hatakigundua kwa kupendwa. Mwanafunzi wangu anahitaji mifano iliyokokotolewa ubaoni, hatua moja baada ya nyingine, kisha mazoezi mengi.

Mchangiaji wa pili, mkutubi wa maktaba ya umma

Nashukuru kwamba kwa mara ya kwanza naona maktaba ikitajwa katika mjadala wa nadharia za ujifunzaji. Kwa kawaida tunakumbukwa siku mwenge au mgeni rasmi anapopita.

Nitaeleza jinsi jambo hili linavyotokea kaunta. Juzi alikuja kijana wa kidato cha pili, akasimama pembeni kwa muda mpaka waliokuwepo wakaondoka, kisha akasogea.

"Shikamoo. Naomba kitabu cha historia."

"Marahaba, karibu. Vya historia vipo vingi. Unajisomea tu au mmepewa kazi?"

"Tumepewa kazi ya kikundi."

"Inahusu nini?"

"Vita vya Majimaji."

"Sawa. Kuhusu vita hivyo, mwalimu anataka mwandike nini?"

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Kwa nini watu waliamini yale maji. Mimi sielewi watu wazima waliaminije."

Angalieni umbali uliopo kati ya ombi la kwanza na swali lake la mwisho. Ningemwelekeza tu kwenye rafu ya 967 (namba ya historia ya eneo letu), angetoka na kitabu cha jumla kinachoorodhesha sababu za vita vya mwaka 1905 hadi 1907, na swali lake zuri kuhusu imani na umoja wa makabila yale lingefia mlangoni. Robert Taylor, mtaalamu wa maktaba wa Marekani, alilieleza hili tangu mwaka 1968: swali ambalo msomaji analileta kaunta limekwisha kupunguzwa na yeye mwenyewe ili lilingane na anachodhani maktaba inacho. Kazi yangu ni kulirudisha lilikotoka, na siwezi kufanya hivyo ikiwa nimekunja uso.

Niongeze kwamba maktaba zetu nyingi zimejaa matangazo ya makatazo, usiongee, usiingie na begi, usiguse, faini kiasi fulani, kabla ya tangazo hata moja la kumwambia mgeni aanzie wapi. Begi lina sababu zake, kwa maana vitabu huibwa kweli, lakini karatasi inayosema "Hujui pa kuanzia? Uliza hapa, ndiyo kazi yetu" haigharimu chochote. Nakubaliana na mwalimu wa hisabati kuhusu jambo moja: upole bila vitabu kwenye rafu ni kupotezeana muda.

Mchangiaji wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi, Kenya

Kwetu wengi wanadhani mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 ndio nadharia ya kiutu yenyewe, kwa kuwa unamtaja mwanafunzi katikati ya kila ukurasa. Mimi nina shaka. Orodha ndefu ya "kufikia mwisho wa mada mwanafunzi aweze kutaja, kubainisha, kuonyesha", pamoja na viwango vya kujaza kwa kila mtoto, inafanana zaidi na Skinner kuliko Rogers. Mwanafunzi hakuchagua lolote katika orodha ile. Mwanzisha uzi unasemaje?

Mwanzisha uzi

Wakuu, nimesoma michango yote, nami nitajibu kwa pamoja.

Mwalimu wa Kenya, nakubaliana nawe kabisa, na hali ni ileile upande wetu tangu mitaala ya Tanzania ilipogeukia ujuzi mwaka 2005. Umilisi unaopimika kwa kitendo kinachoonekana ni mtoto wa nadharia ya tabia aliyevishwa nguo nyingine. Hilo haliufanyi kuwa mbaya. Ni kwamba tusiuite kwa jina lisilo lake. Kwa upande wa Tanzania, aliyekaribia mawazo haya zaidi ni Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alipotaka shule zijenge akili ya kudadisi na hali ya kujiamini, na alipoulaumu mfumo uliopima kila kitu kwa mtihani. Tofauti yake na Wamarekani hawa ni kubwa pia, kwa kuwa Rogers alianza na mtu mmoja na ukuaji wake, ilhali Nyerere alimtazama mtu huyo akiwa ndani ya jamii inayomdai na anayoidai. Nadhani darasa letu linahitaji kumsoma Rogers kwa jicho la Nyerere, maana kazi ya kikundi ya yule kijana wa Majimaji ina wenzake wanaomsubiri.

Mwalimu wa hisabati, hoja ya Kirschner na wenzake naipokea karibu yote. Lakini walichokipinga ni mwongozo hafifu. Hawakupinga mwalimu asiyetisha, na mambo hayo mawili yanachanganywa mno. Unaweza kukokotoa mifano kumi ubaoni, hatua kwa hatua, huku mwanafunzi akiwa huru kusema "hapa nimepotea". Mwaka 2007 Jeffrey Cornelius-White alikusanya tafiti 119 kuhusu uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi wenye sifa zilezile za Rogers, akakuta unakwenda pamoja na matokeo bora ya masomo na ya tabia, kwa nguvu ambayo watafiti wa elimu hawaipuuzi. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kipi kimesababisha kipi, nakubali, ila unatosha kuondoa dhana kwamba utu darasani ni anasa ya shule za matajiri.

Kuhusu wingi, hulazimiki kumuuliza kila mmoja. Unaposahihisha, chagua kosa moja lililojirudia kwenye madaftari mengi, liandike ubaoni bila jina la mtu, kisha waulize wote: aliyeandika hivi alikuwa anafikiri nini? Wanafunzi watajibu kwa uhuru kwa sababu hakuna anayejianika, nawe utapata kwa dakika tano kile ambacho ungekitafuta kwa wiki nzima. Hili halihitaji bajeti wala kibali cha mthibiti ubora.

Kuhusu uhuru wenyewe, kitabu kile cha mwaka 1969 kina simulizi ya mwalimu wa darasa la sita aliyewaachia wanafunzi wake wapange kazi zao. Wapo waliochanua, na wapo waliobabaika wasijue la kufanya. Mwalimu yule hakung'ang'ania nadharia. Aliwagawa, wengine wakaendelea kujiongoza, wengine wakarudi kuongozwa naye, na mtu aliweza kuhama upande akiwa tayari. Rogers aliyachapisha hayo yote bila kuyaficha, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi kuliko kwenye hotuba ya Harvard. Kinyume chake, shule ya Summerhill ya A. S. Neill, iliyoanza mwaka 1921 na ambayo hadi leo huko Suffolk, Uingereza, haimlazimishi mwanafunzi kuhudhuria kipindi, ni mfano nisioushauri kwa shule ya kata. Ni shule ndogo ya bweni ya kulipia, na mtoto anayekosa kipindi kule bado anaishi na mwalimu wake; wa kwetu akikosa kipindi yuko sokoni au shambani.

Mkutubi, lile ombi lako la tangazo moja nalichukua kama lilivyo. Ningeongeza jambo ambalo mwalimu wa somo na mkutubi wanaweza kulipanga pamoja: mkataba wa kujifunza wa ukurasa mmoja. Mwanafunzi anaandika swali lake kwa maneno yake, si mada aliyopewa. Anaandika atakakotafuta, ataonyesha nini mwishoni, na tarehe ya katikati ambayo atakutana na mmoja wenu akiwa bado hajamaliza. Tarehe hiyo iangukie palepale Kuhlthau alipoonyesha kwamba mtu huporomoka. Siku hiyo hakuna alama. Anakuja na alichosoma na kinachomchanganya, na kama vitabu viwili vinapingana anavileta vyote viwili.

Suala la alama sitalikwepa. Rogers aliwahi kuwaachia wanafunzi wake wajipangie alama wenyewe, na mimi sitamfuata huko, kwa sababu cheti chetu kinasomwa na watu wasiomjua mwanafunzi. Ninachofanya na wanachuo wangu ni kuwataka waandike tathmini yao chini ya kazi kabla ya kuikabidhi, waseme wapi imekaa vizuri na wapi hawana uhakika. Mimi natoa alama kama kawaida, lakini nasahihisha nikianzia pale waliposema hawana uhakika.

Mwalimu wa hisabati, ukilijaribu lile la kosa moja ubaoni, naomba urudi utueleze lilivyokwenda, hata kama limeshindikana.